Nani aichunge programu yako seva ikiwaka: systemd, Supervisor, PM2 au Docker?

Alfajiri pale Deep Sea, Tanga, mashua zinaposhusha samaki, hakuna mwenye nafasi ya kusikiliza habari za seva. Mama anayesimamia mizani ya mfanyabiashara ninayemhudumia anapima ndoo, anasoma kilo, anaandika kwenye tableti: changu kiasi hiki, kibua kiasi hiki, nahodha fulani. Mchana malipo hutoka kwa hesabu hiyo hiyo. Siku moja tableti ilimwonyesha ukurasa mtupu, akanipigia simu. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Mashine yako haifungui, na huku watu wamenizunguka na samaki wao."

Usiku ule umeme ulikuwa umekatika ukarudi. Seva yao ni kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya kabati ofisini Ngamiani, na iliwaka yenyewe kama nilivyoipanga. Hifadhidata iliwaka. Iliyokufa ni programu ya mizani, na kwenye kumbukumbu zake (maneno inayoyaandika ikiwa kazini) kulikuwa na mstari huu: `Start request repeated too quickly`. Seva ilikuwa imewaka kabla ruta haijawa tayari. Programu inapoanza huulizia kwanza huduma ya ujumbe mfupi iliyoko nje. Ilipokosa mtandao ikafa, ikafufuliwa, ikafa tena. Mara tano kwa sekunde chache tu, kisha mlinzi wake (zana inayoianzisha na kuifufua, hapa systemd) akaiacha. Ruta ilipopata mtandao dakika mbili baadaye, hapakuwa na wa kuiamsha.

Tangu siku hiyo sichagui tena njia ya kuendesha programu nyuma ya pazia kwa kuangalia ipi ina amri fupi. Naangalia mambo matatu: seva ikiwaka, nani anaianzisha? Programu ikifa mfululizo, anavumilia mpaka lini? Na maneno inayoyatema yanaenda wapi, yasije yakajaza diski? La kwanza zana karibu zote zinalimudu. Zinatengana sana kwenye la pili na la tatu, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

nohup na tmux

Hizi nizipitie haraka. Ukiandika `nohup python app.py &`, programu hupuuza ile ishara ya kukata inayotumwa unapofunga dirisha la SSH (unakoingilia seva ukiwa mbali), na maneno yake yanaandikwa kwenye faili la `nohup.out`. tmux nayo hukupa dirisha linalobaki hai upande wa seva ukiondoka, na ukirudi unalikuta kama ulivyoliacha. Zote mbili zinafaa kwa kazi yenye mwisho: kunakili data usiku kucha, au kujaribu kitu leo jioni. Programu ikifa, hakuna anayejua. Seva ikizimika na kuwaka, hakuna anayeianzisha. Wapo wanaoongeza mstari wa `@reboot` kwenye cron (mpangaji wa kazi za saa maalumu) ili kuziba tundu hilo, lakini cron ikishaianzisha mara moja huwa imemaliza kazi yake.

Mteja anayekulipa asiendeshwe kwa nohup, hata kwa wiki moja ya majaribio. Nimeona mengi yaliyoanza kama majaribio yakakaa miaka.

systemd

Ikiwa seva yako ni Debian toleo la 8 au jipya zaidi, Ubuntu 15.04 au jipya zaidi, au Red Hat kuanzia la 7, systemd unayo tayari. Debian na Ubuntu ziliipokea kama chaguo la kawaida 2015, Red Hat 2014. Ndiyo mchakato namba 1, wa kwanza kuanzishwa na kiini cha mfumo. Hilo lina uzito katika ulinganisho huu, kwa sababu kwenye seva hizi Supervisor, PM2 na Docker vyote huwashwa na systemd. Ukichagua kimojawapo, umeweka mlinzi wa pili anayelindwa na wa kwanza. Pengine unamhitaji kweli, lakini uwe na sababu.

Unachoandika ni faili moja, tuseme `/etc/systemd/system/mizani.service`, lenye sehemu tatu: Unit, Service na Install. Kazi kubwa iko kwenye Service:

```
User=mizani
WorkingDirectory=/opt/mizani
EnvironmentFile=/etc/mizani.env
Environment=PYTHONUNBUFFERED=1
ExecStart=/opt/mizani/venv/bin/python app.py
Restart=always
RestartSec=10
```

Kwenye Install unaweka `WantedBy=multi-user.target`, unatoa amri ya `systemctl daemon-reload`, kisha `systemctl enable --now mizani`. Neno `enable` ndilo linalosahaulika. Ukitumia `start` peke yake, programu itawaka na kila mtu atafurahi, hadi siku seva itakapozimika.

Mstari wa mwisho ndio uliokuwa umekosekana usiku ule. Usipoandika `RestartSec`, systemd husubiri milisekunde 100 tu kabla ya kufufua, na kwa kawaida yake huduma ikianzishwa mara 5 ndani ya sekunde 10, jaribio linalofuata linakataliwa na huduma inahesabiwa imeshindwa. Programu inayokufa papo hapo humaliza nafasi hizo kabla hujafumba na kufumbua jicho. Ukiweka sekunde 10 kati ya jaribio na jaribio, kikomo hicho hakifikiwi kamwe. Systemd itaendelea kubisha hodi mpaka asubuhi. Mstari mmoja, na yule mama angeendelea kupima.

Watu wengi hudhani dawa ni `After=network-online.target`. Inasaidia, iandike pamoja na `Wants=` yake, lakini ujue inachothibitisha: kwamba kadi ya mtandao ya seva imeshapangwa. Ruta ikishaipa seva anwani, systemd inaridhika, hata kama ruta yenyewe bado haijapata intaneti. Kwa utegemezi wa vitu vilivyo ndani ya seva, mfano `After=postgresql.service`, mpangilio huu ni mzuri sana, na hapo PM2 au Supervisor haviwezi kuufikia, kwa kuwa havijui lolote kuhusu hifadhidata inayowashwa nje ya mikono yao.

`Restart=always` naipendelea kuliko `on-failure`, maana hiyo ya pili haifufui programu iliyotoka kwa usalama. Programu ya kuhudumia watu haina sababu ya kutoka kwa usalama saa tisa usiku.

Kumbukumbu zinaingia kwenye jarida la systemd, unazisoma kwa `journalctl -u mizani -f`. Jarida lina adabu: kwa kawaida halizidi asilimia 10 ya sehemu ya diski lilipo, na halivuki GB 4. Chunguza tu kama folda ya `/var/log/journal` ipo. Isipokuwapo, mara nyingi jarida huwekwa kwenye memori, na umeme ukikatika unapoteza ushahidi uleule unaoutafuta. Ule mstari wa PYTHONUNBUFFERED umewekwa kwa sababu hiyo pia: bila huo Python hukusanya maneno kabla ya kuyatema, na unaweza kukaa mbele ya jarida tupu ukidhani programu imenyamaza.

Ukiagiza kusimama, systemd hutuma ishara ya kuomba, husubiri hadi sekunde 90, kisha huua kwa nguvu, na michakato yote ambayo programu iliizaa huondoka nayo. Unaweza pia kuiwekea mpaka wa memori kwa `MemoryMax=300M`, jambo la maana sana kwenye mashine ya memori GB 1 au 2 inayobeba hifadhidata hapo hapo.

Ugumu wake? Faili halisomi mipangilio ya mtumiaji kama `.bashrc`, hivyo programu inayokwenda vizuri ukiiendesha kwa mkono yaweza kufa chini ya systemd kwa kukosa kitu kidogo kwenye mazingira. Andika njia kamili za mafaili, na weka siri na anwani kwenye lile faili la `EnvironmentFile`. Na kila ukihariri, `daemon-reload`. Ukivizoea hivyo viwili, sehemu kubwa ya ugumu imekwisha.

Supervisor

Supervisor ni ya tangu 2004, imeandikwa kwa Python, na bado utaikuta kwenye seva nyingi za Django na Laravel (mifumo ya kujengea tovuti). Faili lake linakaa `/etc/supervisor/conf.d/` na linasomeka kirahisi. Raha yake ni `supervisorctl status`: orodha fupi ya programu zako tu, bila ule msururu wa huduma za mfumo mzima. Kama una wafanyakazi wanne wa foleni (programu zinazofanya kazi zilizopangwa foleni) wanaofanana, `numprocs=4` inatosha.

Kwenye uvumilivu, hata hivyo, ina haraka. Programu ikifa kabla haijatimiza sekunde 1 ya uhai, Supervisor hujaribu tena mara 3, kila mara ikiongeza sekunde moja ya kusubiri: 1, 2, 3. Jumla sekunde 6 hivi, kisha inaandikwa FATAL, na hapo inasubiri mkono wa mtu. Kwenye seva ya kukodi iliyo kwenye kituo chenye umeme wa uhakika hutalitambua hilo mwaka mzima. Kwenye kabati la Ngamiani ungelitambua wiki ya kwanza. Dawa ni kupandisha `startretries`. Ukiweka 100, kwa hesabu ile ya kuongeza sekunde moja moja, inaendelea kujaribu kwa zaidi ya saa moja na dakika ishirini.

Kumbukumbu inazigawa yenyewe: faili likifika MB 50 hufunguliwa jingine, na hutunza 10 ya nyuma. Ukibadilisha mpangilio, `reread` kisha `update`. Wengi huishia kwenye `reread` na kushangaa mbona hakuna kilichobadilika.

Ningeanza nayo leo? Hapana. Ningeikuta inafanya kazi kwenye seva ya mtu, ningeiondoa? Hapana pia. Ningepandisha ile namba, nikaendelea na shughuli nyingine.

PM2

Kwa wenzangu wa Node (JavaScript inayoendeshwa kwenye seva), PM2 ina kitu ambacho nyingine hazina kwa wepesi ule: `pm2 start app.js -i max` inaanzisha nakala kwa kila kiini cha prosesa, zote zikisikiliza mlango (port) mmoja, na `pm2 reload` inabadilisha toleo nakala moja moja bila wateja kukatiwa. Kama una mfumo wa tiketi za mabasi ya Lushoto na Korogwe unaotumika mchana kutwa, na unapandisha matoleo mapya mara kwa mara, hiyo ni faida ya kweli. systemd peke yake ingekulazimu upange kazi hiyo mwenyewe.

Ina mitego miwili inayojirudia. Wa kwanza: `pm2 startup` haimalizi kazi. Inakuchapishia amri ya `sudo` ambayo lazima uinakili na kuiendesha, kisha ufanye `pm2 save` ili ikumbuke orodha ya programu. Ukiruka moja, seva ikiwaka PM2 haipo, au ipo lakini mikono mitupu. Na ukipandisha Node kupitia nvm (zana ya kubadilisha matoleo ya Node), njia iliyoandikwa mwanzo inabaki ikielekeza kwenye toleo la zamani; rudia `pm2 unstartup` na `pm2 startup`.

Wa pili ni diski. PM2 huandika kumbukumbu bila kikomo mpaka uweke moduli ya `pm2-logrotate`. Diski ikijaa, hifadhidata nayo inasimama, na utatafuta kosa mahali ambapo halipo.

Programu ikifa upesi upesi, PM2 nayo hufika mahali ikaiandika `errored` na kuiacha. Iongezee `--exp-backoff-restart-delay=100`, nayo itarefusha nafasi kati ya majaribio taratibu hadi sekunde 15. PM2 inaweza kuendesha Python pia, lakini kuweka Node kwenye seva ili tu ilinde Python sioni maana yake.

Docker

Kwenye suala la uvumilivu, Docker ndiyo iliyonishangaza kwa wema. Ukiandika `restart: unless-stopped` kwenye faili la compose (linalopanga kontena zako), inafufua kontena, yaani programu iliyofungwa pamoja na vyote inavyohitaji, bila kuchoka, ikianza na milisekunde 100 na kuzidisha mara mbili kila jaribio hadi kufikia dakika 1. Hiyo ni tabia ninayoitaka ruta inapochelewa, na huhitaji kurekebisha chochote. Tofauti na `always` ni kwamba kontena uliyoisimamisha kwa mkono haitafufuka Docker yenyewe ikiwashwa upya.

Kwenye kumbukumbu ni kinyume chake. Mpangilio wake wa kawaida, ule wa `json-file`, hauna ukomo wa ukubwa. Weka `max-size` na `max-file` siku ya kwanza, kwenye `/etc/docker/daemon.json`, na ujue kontena zilizokwisha kuundwa hazitafuata mpaka uziunde upya.

Mawili zaidi kwa anayefanya kazi kutoka huku. Imeji (kifurushi ambacho kontena huundwa kutoka kwacho) ni nzito: ile ya kawaida ya Python inakaribia GB 1 ikishafunguka, kwa hiyo tumia ya `slim`, hasa kama unaishusha kwa bando. Na mlango unaoufungua kwa `-p 5432:5432` unapita pembeni ya kanuni za ufw (zana ya kuzuia miunganisho kutoka nje). Hifadhidata uliyodhani imefungwa inaonekana dunia nzima. Andika `127.0.0.1:5432:5432`. Hili nalisema kila ninapopata nafasi.

Docker inastahili pale unapokuwa na programu mbili zinazogombania matoleo tofauti ya kitu kimoja, au unapotaka kilichojaribiwa kwenye laptopu yako ndicho kiende kwenye seva. Kwa programu moja kwenye mashine moja, ni mzigo wa ziada.

Zikisimama pamoja

| | Programu ikifa mfululizo | Kumbukumbu bila kugusa kitu | Hatua inayosahaulika |
|---|---|---|---|
| systemd | Mara 5 ndani ya sekunde 10, inaacha | Asilimia 10 ya diski, kisizidi GB 4 | `enable` |
| Supervisor | Majaribio 3 ya ziada, inaacha | MB 50, nakala 10 | `update` |
| PM2 | Inaacha baada ya vifo vingi vya haraka | Hakuna ukomo | `startup` na `save` |
| Docker | Haiachi, hadi dakika 1 kati ya majaribio | Hakuna ukomo | `restart` kwenye faili la compose |

Safu ya kwanza inabadilika kabisa ukiongeza ule mstari mmoja kwa systemd. Ndiyo maana bado naiweka mbele.

Ambayo hakuna kati yao anayeyatatua

Kompyuta ya ofisini inaweza kubaki imezima umeme ukirudi. Ingia kwenye BIOS utafute mpangilio wa kuwaka yenyewe baada ya umeme kurejea, uuwashe. Kama mashine ni kuukuu, badilisha pia ile betri ndogo ya ubao mama: ikifa, saa inarudi miaka nyuma, na miunganisho salama inakataliwa kwa kuwa vyeti vinaonekana bado havijaanza kutumika. Utailaumu programu bure.

Jambo jingine ni programu iliyo hai lakini imeganda. Kwa walinzi wote wanne, mchakato upo, basi mambo ni shwari. Docker ina `HEALTHCHECK`, ila peke yake inaandika tu kwamba kontena ni mgonjwa, haiifufui. systemd ina `WatchdogSec`, lakini lazima programu yenyewe ifundishwe kutuma ishara kwamba inapumua. Kama programu yako huwa inaganda, hilo ndilo la kuanza kulishughulikia, kabla ya kubadilisha mlinzi.

Ningemshauri nani nini

Programu moja au tatu, seva moja, lugha yoyote: systemd, na `RestartSec=10`. Node yenye wageni wengi na matoleo ya mara kwa mara: PM2, pamoja na logrotate yake. Mifumo mingi inayokorofishana, au timu ya watu kadhaa: Docker, iliyowekewa ukomo wa kumbukumbu. Supervisor kwa aliyekwisha kuwa nayo.

Nina sababu moja zaidi ya kupendelea systemd, na ni ya mji wetu. Tanga twasema waja leo waondoka leo, na mafundi wa kompyuta nao ndio hivyo: kijana akiiva anaenda Dar, mwingine anakuja kuikuta seva asiyoijenga. Atakachoandika kwanza ni `systemctl status`. Nataka aikute programu hapo, kwa jina lake, na faili la mistari kumi analoweza kulisoma amesimama mlangoni.

Ukishachagua, jaribu hivi, mchana kazi ikiwa imepoa. Chomoa ruta kwenye umeme. Iamuru seva ijiwashe upya. Subiri dakika tano nzima, kisha rudisha ruta. Usiguse kibodi. Ruta ikishatulia, chukua simu ufungue ukurasa wa programu yako. Kwa ile ya mizani, ukurasa ulirudi ndani ya sekunde 10 za mtandao kupatikana, nikamtumia mama ujumbe kwamba kesho apime kama kawaida.